Mbio Nilizozificha Kichakani

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo masikio yangu yanashika moto. Nilikuwa nimeteremka mlima kutoka sehemu za juu za Mbooni, jasho likinichuruzika mgongoni, na nikaingiza mkono katika kichaka kilichokuwa karibu na daraja dogo la miguu. Humo ndimo nilimokuwa nikificha sketi yangu ndefu na Biblia yangu, nimezifunga kwenye mfuko wa plastiki zisipate umande. Mkono ukatoka mtupu. Nikapiga magoti, nikapekua majani, nikatazama upande huu na upande ule, nikidhani labda mbwa amezikokota.

"Ziko huku, mama Kioko."

Nikageuka. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatua chache tu kutoka nilipopiga magoti. Sketi ilikuwa imekunjwa vizuri mapajani mwake, na Biblia iko juu ya sketi. Mimi nilikuwa na kaptura ya mume wangu na fulana iliyolowa. Mahali pa kujificha palikuwepo, lakini nilikuwa nimekwisha kupiga magoti mbele yake.

Lakini tazama, nimekimbilia katikati ya habari kabla ya kukuonyesha mwanzo. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa mbio. Ngoja nirudi nyuma, twende pole pole, maana mwenda pole hajikwai.

Mimi nilizaliwa Kabati, upande wa Kitui, nchi ya jua na vumbi. Shuleni nilikuwa mkimbiaji. Nilikimbia miguu mitupu, na mwalimu wetu wa michezo alikuwa akisema huyu Mwende akipewa uwanja usio na mwisho hatasimama. Nilipofika miaka ishirini na mmoja nikaolewa na Musyoka, mtu wa Mbooni, nikaja huku milimani kwenye baridi na migomba. Yeye naye akapata kazi Kabati, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa hivyo mimi nikaishi kwao na yeye akaishi kwetu, kama watu waliobadilishana makwao, tukawa tunaonana mara mbili kwa mwezi. Nisidanganye kwamba nilikuwa na huzuni. Nilikuwa na watoto wawili wenye afya, Kioko na mdogo wake, nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibanda sokoni, nashona sare za shule, na nilikuwa na mama mkwe aliyenipenda. Tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu kwa Kikamba. Alikuwa mjane mrefu, mkavu, mwenye maneno machache, na kanisani ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama.

Nilipofika miaka thelathini mgongo ukaanza kuniuma kwa kukaa na cherehani. Muuguzi wa zahanati akaniambia, "Mama, dawa yako ni kutembea." Nikatembea. Na siku moja, nikiwa peke yangu njiani, mvua ikaanza kunyesha nikakimbia ili nisilowe. Mvua ikakoma, mimi nikaendelea kukimbia. Sijui nikuelezeeje, mwanangu. Ni kama mtu aliyekutana na rafiki waliyepotezana naye tangu shule, na rafiki huyo bado anamjua kwa jina.

Wiki hiyo hiyo nikaona tangazo kwenye ukuta wa soko. Kutakuwa na marathon mjini Kitui, baada ya miezi mitano, kilomita arobaini na mbili, mtu yeyote aruhusiwa. Nililisoma mara tatu. Kisha nikatazama nyuma kuona kama kuna mtu aliyeniona nikilisoma.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, pale nilipotazama nyuma. Niliona aibu ya jambo ambalo hata sikuwa nimelifanya. Huku kwetu siku hizo hukumwona mama wa watoto wawili akikimbia barabarani, isipokuwa kuna msiba au ng'ombe ametoroka. Nikasema moyoni, watanicheka. Watasema mke wa Musyoka amerukwa na akili. Sikumuuliza mtu hata mmoja. Nilijiuliza mwenyewe, nikajijibu mwenyewe.

Kanisa letu lilikuwa na maombi ya alfajiri siku tatu kwa wiki. Nikamwendea Mwaitu jikoni nikamwambia, "Mwaitu, nimeamua kuanza kuhudhuria maombi ya alfajiri."

Uso wake ulinyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Akaenda chumbani akarudi na shali yake ya sufu, ile nzuri ya kuvalia harusi. "Chukua hii. Baridi ya asubuhi si mchezo. Na usihangaike na watoto, mimi alfajiri siendi, nitabaki nao niwapikie uji."

Nikaichukua, mwanangu. Ungedhani mtu mwenye moyo angesema ukweli wakati huo huo. Lakini uongo una tabia ya deni: ukishaonja urahisi wake, unaona afadhali uongeze kidogo kuliko kurudisha. Nikainuka alfajiri ya kwanza na Biblia kwapani, sketi ndefu juu, kaptura ndani, raba za mitumba kwenye kiondo. Nilipofika kwenye daraja nikavua utakatifu wangu nikauficha kichakani, nikapanda mlima.

Baada ya wiki tatu hivi, nikakutana njiani na Mutiso, mwalimu wa darasa la nane katika shule yetu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, hajaoa, mpole. Naye alikuwa akijitayarisha kwa marathon ile ile. Ilikuwa furaha, nitasema nini? Kukimbia na mtu kunapunguza mlima. Tukawa tunakutana kwenye njia panda, tunakimbia kilomita zetu, tunaagana pale pale. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama Kioko, nyumbani wanajua?"

"Wanajua," nikasema.

Baada ya siku kadhaa akauliza tena, maana alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. "Na mzee wako aliye Kabati, anajua?"

"Anajua na amefurahi."

Watu wa zamani walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miezi miwili tu. Siku moja mke wa pasta alikuja nyumbani kumjulia Mwaitu hali, mimi nikiwa sokoni. Wakanywa chai. Akauliza, "Na Mwende anaendeleaje? Hatujamwona kwenye maombi hata siku moja, nikafikiri labda ni mgonjwa." Haya nilikuja kuyajua baadaye. Na unajua Mwaitu alijibu nini? Alisema, "Anaendelea vizuri, asante kumuulizia," akamwongezea mgeni chai. Hakuniumbua mbele ya mtu. Kabla hajajua nimefanya nini, alikwisha kunifunika.

Kwa siku mbili hakuniambia lolote. Siku ya tatu, Jumamosi, nilipotoka alfajiri, naye akatoka nyuma yangu.

Sasa tumerudi pale kwenye jiwe.

Mwaitu alinitazama kuanzia raba mpaka kichwa. Hakuonekana mtu mwenye hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Nani anakufukuza?" akauliza.

"Hakuna anayenifukuza, Mwaitu."

"Kwa hivyo wewe ndiwe unayemfukuza mtu?"

"Hapana, Mwaitu."

"Basi mama wa watu wawili anakimbia nini kabla ya jua kutoka?"

Nikamweleza yote. Mgongo, muuguzi, mvua, tangazo la ukutani, Kitui. Nilipotaja kilomita arobaini na mbili akanisimamisha. "Huo ni mwendo wa basi."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na wanaopanda basi wamekosea wapi?"

Sikujua kama nicheke au nilie. Akafuta umande kwenye jalada la Biblia kwa ncha ya leso yake. Kisha akauliza, "Leo umekimbia kiasi gani?"

"Kilomita kumi na nane."

"Na uongo wako, unajua umekimbia kiasi gani?"

Nikainamisha kichwa.

"Basi nitakuambia mimi. Umetoka kwangu ukafika kwa pasta. Ukatoka kwa pasta ukafika sokoni. Sokoni mama Ndinda, yule jirani yako wa kibanda, akaupa maji ya kunywa, ukaondoka na nguvu mpya mpaka shuleni. Watu wanasema mke wa Musyoka anakutana na mwalimu mlimani kabla ya mapambazuko. Na jana mwalimu mkuu amemwita yule kijana ofisini."

Mwanangu, asubuhi hiyo Mutiso hakuwa amekuja kwenye njia panda. Nilimngoja kidogo nikadhani amelala, nikaenda zangu nikipiga mluzi. Sasa nilielewa. Nikakaa chini kwenye majani.

"Lakini hatukufanya neno, Mwaitu. Tunakimbia tu."

"Najua. Nimekaa hapa nikaiona barabara yote. Nimekuona ukishuka peke yako, umekunja uso kama mtu anayelima. Aliye na mpenzi hashuki hivyo." Hapo nusura atabasamu. "Sikuja hapa kwa sababu ya mbio, Mwende. Mbio hazina dhambi. Mimi mwenyewe nikiwa msichana nilikuwa nikishindana na kaka zangu mpaka mtoni. Lakini kitu kizuri ukikificha mahali panapofichwa vitu vibaya, watu wakikifukua hawatauliza ni kizuri au ni kibaya. Wamekwisha kuona shimo. Na wewe hukujificha peke yako. Umemtia shimoni kijana wa watu, na hata hukumwambia kwamba ni shimo."

Akanipa sketi. "Vaa. Twende shuleni."

"Mwaitu, nioge kwanza."

"Alipoitwa ofisini, yeye alipewa muda wa kuoga?"

Tukaenda hivyo hivyo, mimi nanuka jasho, yeye mbele na Biblia mkononi. Jumamosi darasa la nane walikuwa wakisoma, kwa hivyo walimu walikuwepo. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa heshima, mwoga wa maneno ya watu. Mezani kwake kulikuwa na barua, alikuwa ameiandika kuomba Mutiso ahamishwe, kwa faida ya shule, alisema. Akamwita. Mutiso akaingia, akanisalimu bila kunitazama.

Nikasema nilichopaswa kusema. Nilisema nimemdanganya mama mkwe wangu, na mume wangu, na kanisa, na huyu mwalimu pia, kwamba kila aliponiuliza kama nyumbani wanajua nilisema ndiyo. Nilisema hajawahi kunikosea hata kwa neno. Mwaitu akaongeza jambo moja tu: "Na mimi mwenye nyumba nasema hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu akaitazama ile barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Akasema amefurahi, tena kwa haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Lakini Mutiso aliniambia kitu kimoja tukitoka mlangoni. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mama Kioko, nilikuuliza mara mbili." Basi. Akarudi darasani kwake. Nimekemewa na wengi maishani, lakini hakuna kemeo lililonikaa kama maneno yale machache.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa ushuhuda Mwaitu alinitazama, mimi nikasimama. Nilieleza mbele ya kanisa zima, mama Ndinda akiwa kiti cha tatu, akikohoa. Nilipofika mahali pa Biblia kichakani, mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hata kichaka nacho kihubiriwe," na kanisa likaangua kicheko. Pasta alijaribu kujizuia, akashindwa. Nami nikacheka huku machozi yananitoka. Nilikuwa nimewaogopa watu hawa wasinicheke kwa miezi miwili, na walipocheka, niliona hakuna kilichopungua mwilini mwangu.

Musyoka alikuja mwisho wa juma lililofuata. Habari zilikuwa zimemfikia Kabati kabla yangu, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja, tena hupanda basi la kwanza. Alikula muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa, akimaliza kila punje, akanawa mikono, akasema, "Mwende, sikuamini yale ya mwalimu hata kidogo. Kilichoniuma ni kingine. Kuna jambo lililokufurahisha, na mimi nimelisikia kutoka kwa mtu anayenunua misumari."

Nilimwomba msamaha, na niliomba kwa moyo wote. Akamgeukia mama yake. "Mama, wewe wasemaje kuhusu hizi mbio?"

"Nasema akimbie," Mwaitu akajibu. "Lakini kwa sharti. Kama ni jambo jema, apite katikati ya soko."

Ungejua soko letu siku ya soko, mwanangu, ungeielewa hukumu hiyo. Wauza maharagwe upande huu, wauza maparachichi upande ule, wauza nguo wamepiga kelele, wapasuaji mbao wameegemea mikokoteni yao wakitafuta cha kusema. Nikapita hapo mchana kweupe nikiwa na raba na sketi ya kufika magotini niliyoishona mwenyewe. Walinipigia mbinja. Mmoja akauliza ng'ombe ameelekea wapi. Mama Ndinda akashika kiuno. Mara ya pili wakacheka kidogo. Mara ya tatu mama mmoja wa maparachichi akaniita, "Wewe wa Kitui! Siku zimebaki ngapi?" akanitupia ndizi mbivu. Kufikia mwezi wa nne, nikikosa kupita walikuwa wakitoka vibandani kuuliza kama naumwa.

Na Mwaitu alinifundisha mlima. Siku moja alinitazama nikipanda, akatikisa kichwa. "Unapanda kama mtu anayegombana. Njoo nikuonyeshe." Yeye alikuwa amebeba matunda kwa kamba ya kichwani kupanda na kushuka milima hiyo tangu alipokuwa msichana. Alinyanyua ncha ya leso akatangulia. "Hatua fupi. Pumua kabla hujahitaji kupumua. Na usitazame kilele, tazama unapokanyaga. Mlima hautazamwi, unapandwa." Mzee wa miaka sitini na minne, na mimi nilimfuata nikihema.

Majuma matatu kabla ya siku yenyewe, mfupa wa mguu wangu wa kushoto ukaanza kuuma. Zamani ningenyamaza, nikakaza meno, nikaendelea. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Jioni hiyo hiyo nikasema mezani, mbele ya watu wote, "Mguu unaniuma na naogopa." Mwaitu akachemsha maji ya chumvi, Kioko akapewa kazi ya kuhakikisha mama hatoki mbio, na nikapumzika siku kumi. Zilikuwa siku ndefu kuliko kilomita zozote nilizopata kukimbia. Lakini mguu ukapona. Kama ningelificha na hilo, nisingefika hata mstari wa kuanzia.

Siku ya marathon tulikwenda Kitui familia nzima. Mutiso alikuwa akinisalimu kwa mbali miezi yote hiyo, salamu ya adabu, salamu isiyokaa. Sikumlaumu. Mtu ukimkosea, huna haki ya kumpangia siku ya kusamehe. Asubuhi hiyo nilikuwa nahangaika na namba yangu, pini moja imepotea. Akatokea pembeni yangu akaninyooshea pini.

"Mama Kioko," akasema, "leo umeaga nyumbani?"

"Nimeaga soko zima, mwalimu."

Akacheka. Ah, mwanangu, nilipoanza kukimbia nilikuwa mwepesi, na sidhani ilikuwa ni mazoezi peke yake.

Wepesi ule haukudumu, lakini. Mimi mtoto wa Kabati nilijidai nalijua jua la Kitui, kumbe miaka tisa ya baridi ya Mbooni ilikuwa imenisahaulisha. Nilianza kwa kasi, nikawapita watu, nikajiona. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kufikia kilomita ya ishirini na tisa lami ilikuwa inapumua moto usoni mwangu na wale wote niliowapita wamekwisha kunipita. Nikatembea. Nikakimbia kidogo, nikatembea tena. Musyoka alikuwa ameazima baiskeli, akawa ananifuata kando ya barabara na maji. Hakuniambia jikaze, wala hakuniambia acha. Alisema tu, "Niko hapa," na kila baada ya muda akarudia, "Niko hapa." Kilomita tano za mwisho nilizikimbia kwa hatua fupi fupi, nikitazama ninapokanyaga.

Nilifika baada ya saa tano na dakika nyingi ambazo sikutaka kuzihesabu. Washindi walikuwa wamekwisha kuvaa nguo zao na kuondoka. Mahema yalikuwa yanashushwa. Nilipokata kona ya mwisho niliona kundi dogo la watu na ubishi. Mfanyakazi mmoja alitaka kukunja ule utepe wa mwisho, na Mwaitu alikuwa ameushika upande mmoja kwa mikono yote miwili, amekataa katakata kuuachilia. Upande wa pili ulikuwa umeshikwa na Mutiso, ambaye alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja na nusu kabla yangu, na shingo yake imekauka chumvi.

Nikamsikia Mwaitu akimwambia yule mtu, "Bado mtoto wangu hajafika."

Hakusema mkwe wangu. Nilikuwa nimeishi nyumbani kwake miaka tisa, sikuwahi kumsikia akiniita hivyo mbele ya watu. Nikaupita utepe nikamwangukia kifuani, mzee wa watu akapepesuka, Mutiso akatudaka sote wawili.

Mwaitu amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu. Alizikwa kwenye shamba lake pale mteremkoni. Mutiso ni mwalimu mkuu sasa, upande wa Nunguni, na watoto wake hunijia likizo kula maembe. Musyoka alistaafu akarudi nyumbani, na mpaka leo nikitoka kutembea asubuhi ananiuliza ninarudi saa ngapi, nami namwambia. Magoti yangu yamezeeka, sikimbii tena. Natembea mpaka darajani, nasimama kidogo, narudi kunywa chai. Asubuhi hizi nawaona wasichana wa huku wakipita mbio kwa makundi, simu mkononi, nyimbo masikioni, wakinipungia mkono, "Shikamoo susu!" yaani bibi, na hakuna anayewauliza nani anawafukuza. Moyo wangu hutulia kuwaona.

Basi sikia nasaha zangu, mwanangu, na uzichukue kama anavyochukua maji mtu aendaye mbali. Ukipata jambo jema moyoni mwako, liwe mbio, liwe masomo, liwe biashara, liwe mtu unayempenda, usiliingize kichakani. Waambie walio nyumbani. Labda watacheka. Kicheko hakivunji mfupa. Labda watakataa, na itabidi mzungumze mara nyingi mpaka mwafaka upatikane, na hiyo ni kazi, sikatai. Lakini kazi hiyo ni nyepesi kuliko kuubeba uongo kila alfajiri. Na kabla ya kusema uongo mdogo, tazama pembeni uone nani amesimama karibu yako, maana uongo hauchagui wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia asiyejua kitu. Ukikosea, kama nilivyokosea mimi, nenda ukaseme ukweli palepale uongo wako ulipofika, hata ikiwa ni sokoni, na usingoje kuoga. Kisha subiri. Msamaha haukimbizwi.

Njoo karibu nikutemee mate ya baraka, kama tulivyotemewa na wakubwa wetu. Mungu akupe miguu isiyochoka upesi na ulimi usioogopa watu wako. Mlima wako uwe na maji njiani. Utakapotoka, utoke umeaga; na utakapochelewa, hata ukiwa wa mwisho kabisa, umkute mtu amesimama anakungoja, anayejua ulikotoka. Nenda salama, mwanangu, na urudi salama.